Mkuu, usijiandikie hiyo diazepamu. Kafungue faili

Salamu baadaye. Hiyo diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kama iko mezani, irudishe kwenye pakiti kwanza.

Nimekusoma mara mbili. Wewe ni mtarajali, daktari mpya kwenye mafunzo ya vitendo, huu mwezi wako wa nne kazini, uko leba. Siku 12 zilizopita mama amefariki kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, ukiwa zamu. Tangu siku hiyo hulali, chakula hakipiti, unalia chooni. Umeuliza umfanyeje bingwa anayewafokea kwenye ripoti ya asubuhi, kama uwaambie wazazi, na uombe ubingwa gani baadaye. Halafu mwishoni, kama mtu anayetaja hali ya hewa, unasema registra, daktari aliyekutangulia, amekushauri ujiandikie diazepamu miligramu 5 kila ukilala na amitriptilini 25, dawa ya sonona, "sote tulipita huko", na kwamba unaanza leo.

Hilo la mwisho ndilo swali lako. Mengine yanasubiri.

Huyo registra nisamehe nimseme. Ushauri huo naujua, niliwahi kupewa neno kwa neno, pamoja na hiyo "sote tulipita huko". Kupita wamepita, waulize walipita na nini mfukoni. Mtu anaona mwenzake hali chakula, halali, analia, anamaliza kesi nzima koridoni akielekea kunywa chai, hajauliza hata presha. Angemfanyia hivyo mgonjwa wa kawaida, ndugu wangelalamika hadi kwa mganga mfawidhi. Akikufanyia wewe anaitwa kaka anayejali.

Haya, tuikosoe karatasi yako kama tuko raundi.

Diazepamu. Mwili unahitaji takriban saa 20 hadi 50 kuondoa nusu ya dozi moja, na kitu inachogeuka ndani ya ini, ambacho nacho kinalewesha, kinaweza kufika saa 100. Umetoka zamu Jumatatu asubuhi, umemeza 5. Jumatatu usiku uko leba tena na zaidi ya nusu bado imo. Jumanne unaongeza nyingine. Kufikia wikiendi unashona msamba ukiwa na dawa ya jana, ya juzi na ya majuzi, na utaapa kwamba uko macho kabisa, kwa sababu kitu cha kwanza inachokuibia ni uwezo wa kujua kuwa umepungua.

Baada ya wiki chache 5 haitoshi, unakwenda 10. Usiku mmoja ukiikosa, usingizi unaruka vibaya kuliko wa leo, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka. Hapo unajiambia "kumbe kweli nilikuwa naumwa, bila dawa siwezi". Hapana dokta, hiyo ni dawa inakudai. Ndiyo maana miongozo haitaki ipite wiki 2 hadi 4. Ukichanganya na bia, na prometazini ya mzio, au na tramadoli ya maumivu kwa sababu mgongo unauma, sasa tunazungumzia hatari ya kushindwa kupumua. Na kwa wale mnaosoma kimya huku mna miezi mnaimeza: msiache ghafla usiku wa leo kwa hasira ya uzi huu. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na anayepunguza ni mtu mwingine mwenye kalamu, si wewe.

Kubwa kuliko yote: wewe hata humo kwenye orodha ya wanaostahili kuipewa. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2013 kuhusu hali zitokanazo na msongo unasema mtu mzima aliyekosa usingizi asipewe benzodiazepini, kundi la dawa lenye diazepamu, ndani ya mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Una siku 12. Mgonjwa angekuja kliniki na hadithi yako hii, ungemwandikia? Ungemkalisha, ungemsikiliza, ungempangia tarehe. Sisi tukivaa koti jeupe tunadhani ini letu lilisomea udaktari pamoja nasi.

Amitriptilini 25 nayo ni ya nini? Sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, huhesabiwa kuanzia wiki 2 za dalili karibu kila siku, zako hazijatimia. Na kama ni sonona kweli, 25 ni dozi ya kuanzia tu. Kazi ya maana huonekana kwenye 75 hadi 150, kwa kupandishwa polepole, na nafuu huanza baada ya wiki 2 hadi 4. Utakachopata wewe ni mdomo mkavu, choo kigumu, kizunguzungu ukiinuka ghafla na kichwa kizito asubuhi. Tena ni dawa hatari ikizidi, haifai kulundikwa chumbani kwa mtu mwenye majonzi.

Lakini ubaya wa kujitibu hauishii kwenye dawa. Ubaya ni kwamba hakuna aliyechukua historia. Nani amekupima damu? Malaria? Tezi ya shingo? TB, na wewe unashinda wodini? Mimba, kama ni mwanamke? Kahawa ngapi na makopo mangapi ya vinywaji vya nguvu kwa zamu? Na hili wengi hulikalia kimya: usiku ule wa damu nyingi, ulijichoma sindano ya mgonjwa kwa bahati mbaya? Kama unameza PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya ajali kama hiyo, kwa siri, ndani yake siku hizi kuna dolutegraviri, na dolutegraviri hufukuza usingizi kwa baadhi ya watu. Kuihamishia asubuhi mara nyingi kunatosha. Huenda ungemeza diazepamu mwezi mzima kutibu kidonge cha siku 28. Daktari mwingine angeuliza hilo dakika ya tano. Wewe hutajiuliza, maana jibu unalo na hulitaki.

Kwa hiyo fanya hivi. Tafuta kliniki ya afya ya akili nje ya hospitali yako, na asiwe mtu atakayekusainia kitabu cha mafunzo. Ukiwa Dodoma kuna Mirembe, Dar kuna Muhimbili. Mkoani mara nyingi utamkuta muuguzi wa afya ya akili, usimdharau, anajua kusikiliza kuliko nusu yetu. Pita dirishani, fungua faili kwa jina lako. Usiombe "dakika mbili za koridoni". Sentensi ya kwanza iwe "leo nimekuja kama mgonjwa", la sivyo mtaishia kujadili kesi ya mtu mwingine. Nenda na karatasi mbili. Ya kwanza: kila ulichomeza mwezi huu na kiasi chake, pombe ikiwemo. Ya pili: saa uliyolala na uliyoamka kila siku, pamoja na zamu. Ukipewa PHQ-9, karatasi ya kupima sonona, maswali 9, kila moja 0 hadi 3, jibu kama mtu anayeumwa, si kama mtahini. Sote tunajua 10 ndipo watu huanza kukukazia macho, ndiyo maana madaktari wengi tunapata 9. Miujiza.

Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, lijibu kweli. Kama yapo hata kidogo, hakuna kungoja kliniki: mwambie mtu mmoja sasa hivi, akae na wewe, dawa zote zitoke chumbani, na muende idara ya dharura usiku huohuo. Sisi dawa tunazijua na tunalala nazo karibu, kwa hiyo tahadhari yetu lazima iwe kubwa kuliko ya wengine.

Usitoke bila tarehe ya kurudi. Anayejitibu hana tarehe ya kurudi wala ya kuacha dawa, ndiyo sababu wiki moja hugeuka mwaka. Ukiandikiwa ED, karatasi ya kupumzika kazini, ichukue, mpelekee msimamizi wa watarajali kwa maandishi. Siku hufidiwa mwishoni, hakuna aliyekufa kwa kumaliza mafunzo wiki mbili baadaye. Na kutibiwa si kosa. Kinachowafikisha watu kwenye Baraza la madaktari ni mambo kama kuanza kuchukua dawa kwenye kabati la wodi.

Atakayekwambia wewe ni mlaini, mwambie watarajali wa Marekani waliofuatiliwa kwenye utafiti uliochapishwa 2010 walikuwa asilimia 3.9 wenye sonona kabla ya kuanza, na wastani wa 25.7 ndani ya mwaka wa mafunzo. Wote hao walaini? Na akileta habari za kiapo, Azimio la Geneva lilirekebishwa Chicago Oktoba 2017, sasa daktari anaahidi kuitunza afya yake mwenyewe. Kimo mlemle kwenye kiapo.

Huyo bingwa wa kufoka: kifo kama kile hujadiliwa kwenye kikao cha vifo vya uzazi, nacho kimeundwa kiwe bila majina na bila lawama, kwenu kama kimegeuka mahakama kosa ni la anayekiongoza. Ila usiende kugombana naye wiki hii, hujalala, utasema yasiyofutika.

Usiku wa leo: kahawa ya mwisho iwe angalau muda wa saa 6 kabla ya kulala, khanga nzito dirishani, simu nje ya chumba, na ukitoka zamu usiendeshe pikipiki, panda ya mtu. Usingizi usipokuja, usije. Usimeze.

Kesho rudi hapa uandike tarehe uliyopewa. "Nitakwenda" haihesabiwi.