Trela Limemgonga Kaka: Je, Mashine Yake Yaweza Kutoa Ushahidi?

SWALI: Kaka yangu, mwendeshaji wa boda boda, aligongwa na trela katika Barabara ya Mombasa karibu na Cabanas, akavunjika paja. Dereva amewaambia polisi kwamba alikuwa akienda polepole na kwamba kaka ndiye aliyemkata mbele. Trela limekwisha kukaguliwa na mwenyewe anataka kulichukua. Jirani anasema malori yana kisanduku cheusi kinachohifadhi mwendo. Je, ni kweli, na chaweza kutusaidia kudai fidia?
Msomaji, Pipeline, Embakasi

JIBU: Pole sana, dada, na tunamtakia kaka yako nafuu. Jirani yako hajakosea, ingawa lori halina kisanduku kimoja kama cha ndege. Malori mengi ya kisasa yana kompyuta ya injini ambayo, gari likifunga breki kali, huhifadhi kumbukumbu fupi ya mwendo na ya matumizi ya breki. Kuna pia kidhibiti mwendo, kwa kuwa sheria yetu ya Kenya hairuhusu malori makubwa kupita kilomita 80 kwa saa, na mara nyingi kuna kifaa cha setilaiti ambacho mwenye lori amekifunga ili ajue gari lake liko wapi.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo trela kurudi barabarani, kwa maana kumbukumbu ya injini yaweza kufutwa na breki kali zitakazofuata. Msingoje abstrakti ya polisi, yaani hati ya muhtasari wa ajali. Wakili amwandikie mwenye lori na kampuni ya bima sasa hivi, ataje nambari za usajili, tarehe na saa ya ajali, na adai kwamba data zote zihifadhiwe na kompyuta isiguswe mpaka isomwe na mtaalamu mbele ya pande zote mbili. Wakikaidi, fungueni kesi mapema, kwani Amri ya 40, kanuni ya 10, ya Kanuni za Mashauri ya Madai huiwezesha mahakama kuagiza mali inayohusika ihifadhiwe na kukaguliwa. Wakili akumbuke pia kifungu cha 112 cha Sheria ya Ushahidi, kisemacho kwamba jambo linalojulikana hasa na upande mmoja, basi upande huo ndio wenye mzigo wa kulithibitisha.

Kama trela lilikuwa likitoka Mombasa, ulizeni pia kuhusu mizani ya Mlolongo, ambako rekodi ya kupimwa huonyesha uzani na saa. Mzigo uliozidi hurefusha umbali ambao lori huhitaji ili lisimame. Na kama kontena lilikuwa la kupitishwa kwenda Uganda au Rwanda, huenda lilifungwa lakiri ya kielektroniki ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ambayo hutuma mahali lilipo safari nzima.

Data hizo zisomwe na mjuzi. Vifaa vingi vya setilaiti huandika saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa ya Nairobi kwa saa 3, hivyo ajali ya saa 19:40 jioni itaonekana kama ya 16:40, na mtu asiyejua ataidhania kuwa safari nyingine. Magurudumu yakikwama kwa breki, kompyuta yaweza kuandika sifuri huku lori bado likiteleza. Tena, pikipiki ni nyepesi mno mbele ya trela: dereva asipofunga breki kwa nguvu, huenda kumbukumbu isiandikwe kabisa, na ukosefu huo hauthibitishi kwamba alikuwa akienda polepole.

Mahakamani, karatasi iliyochapishwa na kompyuta haitoshi peke yake. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha mtu anayehusika na uendeshaji wa kifaa hicho, kieleze jinsi rekodi ilivyopatikana. Muda wa kushtaki kwa majeraha ya uzembe ni miaka 3. Mjiandae pia kwamba data zaweza kuonyesha kwamba kaka aliingia barabarani vibaya, na hapo hakimu hugawa lawama kwa asilimia na kupunguza fidia kwa kiasi hicho. Mwambieni wakili ukweli wote kabla hajaandika barua hiyo.