Mkuu usitoe hela, hicho kibati siyo namba ya chasisi

Mkuu ngoja kwanza. Hiyo mil 14 ya kununulia Land Rover iko wapi saa hii, kwako au kwa dalali? Kama bado iko kwako isitoke leo. Umeandika "Land Rover Series II ya 1960, short, ipo Moshi, kadi ipo, kibati cha namba kipo kinang'aa kabisa, jamaa anasema kila kitu og", nikasoma mara mbili tumbo likakata, mana hadithi hii nilisimuliwa neno kwa neno 2021, tofauti ni kwamba yangu ilikuwa Tanga na waliipa mwaka 1959.

Hapo kwenye kinang'aa ndo umenitoa kitandani. Gari lina miaka sitini na kitu, viti vimeliwa na panya, rangi imepauka, alafu kibati peke yake kinang'aa kama sahani ya harusi? Nani alikuwa anakipiga brasso miaka yote hiyo?

Yangu niliambiwa ilikuwa ya meneja mzungu wa shamba la mkonge Korogwe. Siku hizi nikikutana na Land Rover ambayo haikuwa ya mzungu wa mkonge wala ya DC wa kikoloni nitaichinjia mbuzi. Dalali alinionyesha kadi, akanionyesha kibati kwenye ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva, namba zikalingana herufi kwa herufi, mimi nikaona nimemaliza ukaguzi. Nikatoa mil 11 taslimu, na ya soda nikampa juu. Nilimpa ya soda mwenyewe, hakuniomba!

Miezi mitano baadaye gari iko gereji, bodi imeshuka, tunasugua chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi, ili tupige rangi ya kuzuia kutu. Kijana wa fundi anasugua kwa brashi ya waya kule mbele upande wa dereva, nyuma ya bampa, pale chasisi inaposhika springi. Palikuwa na lami nene imepakwa, nami nilikuwa nimeisifia, nikasema wazee walijali gari. Dogo akaniita, "bro, huku kuna namba". Nikainama na tochi ya simu. Inaanza na 902. Kibati changu kinaanza na 152.

Nikampigia dalali, akajibu bila hata kumeza mate, "hizo ni namba za mafundi wa kiwandani tu boss, usijali". Na mimi nikalala! Wiki nzima nimelala na hilo jibu kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Sasa sikiliza vizuri. Kwa hizi Land Rover za zamani tarakimu tatu za mwanzo ndo zinakwambia ni gari gani. 142 ni Series II fupi ya petroli, usukani wa kulia, ya kuuzwa nje. 152 ni hiyo hiyo ila ndefu. 902 ni Series III fupi, na Series III zimeanza 1971, wakati Series II ni 1958 mpaka 1961. Kwa hiyo mimi nilikuwa na karatasi na kibati cha gari refu la 1959, vimegongelewa kwa riveti mpya juu ya gari fupi la miaka ya sabini, alafu wakalivalisha grili ya waya ya zamani na taa wakazirudisha katikati ili lizeeke. Gari refu! Kibati changu kilikuwa kinaniambia kwa sauti kwamba hili gari siyo lenyewe, ningechukua futi ya fundi cherehani tu nikapima. Toka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma, fupi ni inchi 88, ndefu ni 109. Tofauti ni kama nusu mita na ushee, hiyo hata kipofu anaipapasa anaijua. Mimi niliizunguka mara nne nikiwa na miwani.

Na dalili nyingine zilikuwepo, sema niliona mapenzi. Series II saa za dashibodi zinakaa katikati ya gari, Series III zimehamia mbele ya dereva. Yangu zilikuwa katikati, sawa, lakini mbele ya usukani kulikuwa na bati limebandikwa na kupakwa rangi, nikauliza, nikaambiwa "meneja alikuwa na redio ya upepo pale". Nikafurahi kabisa, nikamsimulia wife kuhusu redio ya upepo.

Hesabu ilivyokaa: kununua 11, bodi na kuchomelea 4 na nusu, springi, breki, matairi na rangi ya mwanzo 3 na nusu. Mil 19. Ofa kubwa niliyopata baada ya ukweli kujulikana ni mil 5, tena toka kwa mtu wa hoteli anayetaka kuiweka getini apande maua kwenye injini. Na siyo bei tu mkuu, kadi inasema namba moja, chuma kinasema nyingine, hapo ukiuza huuzi gari, unauza kesi. Imekaa uani, kuku wanatagia kwenye siti ya nyuma, ndo mapato pekee mpaka sasa.

Dalali simlaani sana, dalali ni dalali. Ninayemlaani ni yule fundi niliyekwenda naye kukagua, nikamlipa laki mbili na nauli. Alikuja na sumaku! Akaizungusha ubavuni, haishiki, akatikisa kichwa kama daktari, "hapa puti nyingi", yaani bodi imezibwa kwa puti siyo chuma, ili tushushe bei. Tukashusha laki tatu, nikamwona genius. Ndugu yangu bodi ya Land Rover ni aluminiamu, waliitumia sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, sumaku haitashika hapo mpaka kiama. Sehemu ya kuweka sumaku ni chasisi yenyewe na ule ukuta wa miguuni, vile ndo chuma, vile ndo vinaoza, na huko hakugusa, suruali ilikuwa nyeupe.

Kwa hiyo kesho nenda Moshi na brashi ya waya, tochi na futi. Lala chini. Sugua pale nilipokwambia mpaka uone namba iliyogongwa kwenye chuma, isome kwa mdomo, linganisha na kadi. Jamaa akikataa usisugue, panda basi rudi. Pakiwa laini hapana namba kabisa, au pamesagwa na grainda, panda basi rudi. Akisema ni namba za kiwandani, nitumie namba yake nimsalimie. Kabla ya hapo usijadili bei, usinywe hata chai yao.

Namba zikilingana ndo utaomba cheti kule makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza, wana madaftari ya kiwanda cha Solihull zilikotengenezwa hizi gari, unalipia wanakwambia gari lilitoka tarehe gani, rangi gani, injini namba ngapi na lilipelekwa nchi gani. Mimi niliomba kwa kuchelewa, na kwa ile namba ya kibati, kikaja cheti kizuri, karatasi nzito, kinasifia gari la mtu mwingine.

Injini kubadilishwa mimi isingenitisha, wengi bongo wameweka za Toyota wakapumzika, unashusha bei maisha yanaendelea. Chasisi igonge na nyundo ndogo, nzima inalia ngee, iliyooza inajibu pwa kama boga, na inaozea ndani kwahiyo rangi ya nje isikudanganye.

Bei? Siwezi kukwambia mil 14 ni nyingi au ndogo bila hiyo namba. Ikilingana na chasisi ikalia vizuri mbona hata mimi ningeumia kuikosa, tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha la 2024 kila mwenye bati anajiona ana dhahabu. Isipolingana hiyo ni spea, na spea za mil 14 hazipo.

Uliuliza pia bima, na rangi ya kijani ipi ndo sahihi, na kingine nimesahau, sikuwahi kufika huko bana, yangu mpaka leo nusu iko uchi. We kesho ukishasugua weka picha hapa, picha ya pale kwenye springi, siyo ya kibati. Kibati tumeshakiona.