Gari Bado Limefunikwa Turubai

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: SUV mpya za umeme zinazotangazwa kwa picha ya kivuli na tarehe ya uzinduzi, huku vipimo vikivuja kidogo kidogo. Wengine mmetaja gari hili, wengine lile. Maswali ni yale yale, kwa hiyo tumeyajibu bila kulitaja gari.

SWALI: Kampuni imetoa picha moja tu ya ubavuni, gari likiwa gizani. Kuna lolote la maana mtu anaweza kulisoma hapo, au tutulie tusubiri? – Mwenye haraka

JIBU: Lipo, ilimradi picha imepigwa ubavuni kabisa na matairi yanaonekana. Chukua rula. Tuseme tairi ni 255/45 R20 (upana, ubavu kwa asilimia ya upana, na rimu kwa inchi), saizi inayoonekana sana kwenye magari haya. Ubavu wa mpira ni asilimia 45 ya milimita 255, yaani 115 hivi. Ukihesabu wa juu na wa chini unapata 230. Rimu ya inchi 20 ni milimita 508. Kipenyo cha tairi zima basi ni kama milimita 738. Sasa pima tairi kwenye picha, kisha pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma. Tairi likitoka sentimita 3 na nafasi ile sentimita 12, ni mara nne: milimita 2,950 hivi.

Namba hiyo ina maana kuliko urefu wa gari zima, kwa sababu betri hulala sakafuni kati ya ekseli mbili. Ikikaribia mita 2.7, usitarajie betri kubwa sana wala safu ya tatu ya viti inayomfaa mtu mzima. Kia EV9, yenye safu tatu na betri ya kWh 99.8 (kWh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba), ina mita 3.1 kati ya ekseli.

Hakikisha pia unachokitazama ni gari la kuuzwa, si la maonyesho. EV9 hiyo hiyo ilionyeshwa kama gari la maonyesho Novemba 2021, na la kuuzwa likaonekana Machi 2023. Katikati ya hapo ndipo kamera zinapogeuka kuwa vioo vya kawaida na rimu kubwa mno zinapopungua.

SWALI: Inasemekana itakwenda kilomita 700 kwa chaji moja, betri ikiwa kWh 82. Safari zangu nyingi ni za barabara kuu. Niamini? – Dereva wa masafa

JIBU: Uliza kwanza kilomita hizo zimepimwa kwa kipimo gani. Kipimo cha China, CLTC, kina mwendo wa wastani wa kama kilomita 29 kwa saa, na spidi ya juu kabisa ni 114. Cha Ulaya, WLTP, wastani ni 46.5 na spidi hufika 131. Cha Marekani, EPA, ni kikali zaidi: matokeo ya maabara kwa kawaida huzidishwa kwa 0.7 kabla ya kuandikwa kwenye kibandiko cha gari. Gari lile lile, betri ile ile, litatoka na namba tatu tofauti, na kwenye jukwaa la uzinduzi itasomwa ile kubwa. Namba isiyotaja kipimo chake haina kazi.

Halafu piga hesabu yako mwenyewe. kWh 82 zikigawanywa kwa kilomita 700 ni kWh 11.7 kwa kila kilomita 100. Gari refu la tani mbili na zaidi halitumii umeme mdogo hivyo kwenye barabara kuu. Kwa mwendo wa 110 hadi 120, weka kWh 22 hadi 24. Mjini, pasipo baridi kali, 16 hadi 18.

Jambo la pili ni kWh 82 zenyewe. Ni za betri nzima, au ni zile dereva anazoruhusiwa kutumia? Watengenezaji huacha akiba juu na chini ili seli zisichoke mapema. Tuchukulie zinazotumika ni 78. Hakuna anayeendesha hadi sifuri, kwa hiyo toa asilimia 10 ya mwisho, zimebaki 70. Zigawe kwa 23, unapata kilomita 305. Hiyo ndiyo safari yako ya kwanza kutoka nyumbani. Ukishaanza kuchaji njiani utakuwa unatoka asilimia 10 hadi 80, yaani kWh 54.6, na hizo ni kilomita 237 kati ya kituo na kituo. Panga safari kwa 237. Ile 700 muachie mtangazaji.

Kinachokula umeme zaidi ni upepo. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa spidi: kutoka 100 hadi 120 inaongezeka asilimia 44. Siku ya uzinduzi utasikia sifa za umbo, kwamba kigezo cha upepo ni 0.28 au 0.25. Namba hiyo peke yake ni nusu ya habari, lazima izidishwe kwa eneo la mbele la gari. SUV yenye 0.28 na mita za mraba 2.8 inapata 0.78, saluni ya chini yenye 0.23 na mita za mraba 2.2 inapata 0.51. Ndiyo maana mota na betri zile zile zikiwekwa kwenye saluni zinafika mbali zaidi.

Angalia pia rimu. Kilomita za tangazo huwa ni za toleo lenye rimu ndogo na mota moja. Gari linalopanda jukwaani lina rimu kubwa na mota mbili.

SWALI: Wanasema inachaji kwa kW 250. Kwa hiyo betri ya kWh 78 itajaa ndani ya dakika 20? – Mpenda hesabu

JIBU: Hesabu yako ni sahihi, kosa ni kudhani kW 250, yaani kasi ya umeme kuingia, zinadumu. Hicho ni kilele, na mara nyingi kinakaa dakika chache tu betri ikiwa karibu tupu. Seli inavyozidi kujaa, ayoni za lithi hukosa nafasi ya kuingia haraka kwenye grafiti ya upande hasi wa seli, na zikilazimishwa hujipaka juu yake kama metali. Utando huo hupunguza uwezo wa betri na unaweza kuleta hitilafu ya ndani, kwa hiyo kompyuta ya betri hukata mkondo mapema. Kuanzia asilimia 80 kwenda juu ni mwendo wa konokono.

Namba ya kudai ni dakika za kutoka asilimia 10 hadi 80. Wakikwambia dakika 30, kWh 54.6 zimeingia kwa nusu saa, wastani wa kW 109. Wakikwambia dakika 18, wastani ni 182. Gari lenye kilele cha 200 linaloshikilia 150 kwa muda mrefu litalishinda lenye kilele cha 250 linaloporomoka baada ya dakika tano.

Uliza na volti. Mfumo wa volti 800 hupitisha nguvu ile ile kwa nusu ya mkondo wa mfumo wa volti 400, na kwa kuwa joto la waya hufuata mraba wa mkondo, linabaki robo. Ila kuna mtego: chaja nyingi za zamani hazivuki volti 500. Gari la volti 800 likifika hapo linahitaji kifaa cha kupandisha volti, na kifaa hicho kina kikomo chake. Kwa hiyo muulize muuzaji hivi: "Kwenye chaja ya volti 500, gari hili linapokea kW ngapi?" Akijibu 50, na chaja za njia yako ni za zamani, teknolojia yote ile umeinunulia mapambo.

Mwisho, betri iliyopoa haipokei umeme kwa kasi. Magari mazuri huipasha moto yenyewe ukishaweka kituo cha kuchaji kwenye ramani. Jua kama linaweza pia kuamriwa kwa kitufe, kwa sababu ramani ya gari haivijui vituo vyote.

SWALI: Nyumbani nina soketi ya kawaida tu. Itatosha? – Mpangaji

JIBU: Kwa wasafiri wa karibu, ndiyo. Kama umeme wako ni volti 230, ampea 10 ni kW 2.3, na baada ya upotevu betri inapata kama 2. Usiku mmoja, kwa muda wa saa kumi, unaingiza kWh 20, zaidi ya kilomita 100 za mjini. Kujaza kWh 50 kutachukua saa 25.

Hatari iko kwenye soketi yenyewe. Pasi ya nguo inachota umeme kwa vipindi; gari linachota saa kumi mfululizo, na skrubu iliyolegea nyuma ya soketi inageuka jiko. Chaji nusu saa, kisha gusa plagi. Uvuguvugu si neno. Ikiwa huwezi kuikamata kwa mkono, zima na uite fundi. Waya wa kuunganishia wa kuviringisha usiutumie kabisa.

Ukitaka chaja ya ukutani ya kW 7.4, ampea 32 kwenye njia moja (fezi moja), inahitaji laini yake peke yake: waya wa milimita za mraba 6 (10 kama umbali ni mrefu), swichi ya kujikata ya ampea 40, na kinga ya uvujaji inayotambua pia mkondo mnyoofu (DC) wa miliampea 6. KW 11 zinahitaji umeme wa njia tatu. Usinunue chaja kabla vipimo vya gari havijatoka: gari ambalo chaja yake ya ndani ina uwezo wa kW 7.4 halitachaji kwa 22 hata ukilichomeka kwenye chaja ya 22.

SWALI: Toleo la bei ya chini lina betri ya LFP, la juu lina NMC. Je, LFP ni betri ya daraja la pili? – Fundi mdadisi

JIBU: Hapana. LFP ni lithi, chuma na fosfeti; haina nikeli wala kobalti, inavumilia mizunguko mingi zaidi ya kuchaji na ni ngumu zaidi kuwaka. Inazidiwa kwa uzito: kwa umeme ule ule ni nzito kuliko NMC (ya nikeli, manganizi na kobalti), na kwenye baridi inachaji polepole. Volti yake karibu haibadiliki toka inapokaribia kujaa hadi inapokaribia kuisha, kwa hiyo gari hupoteza hesabu ya chaji iliyobaki. Ndiyo sababu watengenezaji wengi hushauri ijazwe hadi 100 mara moja kwa wiki. NMC ni kinyume: kila siku ishie 80, na usiiache imejaa juani. Mtu wa shughuli za mjini tungempa LFP bila kusita.

SWALI: Sisi ni saba nyumbani na gari lina viti saba. Nikague nini zaidi? – Mama wa watano

JIBU: Uzito. Tafuta uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Mfano, 2,750 toa 2,250 ni kilo 500. Watu saba wa kilo 70 ni 490. Mizigo imebakiwa na kilo 10! Kwa vipimo vya Ulaya uzito wa gari tupu huwa tayari una dereva wa kilo 75, hapo unapata nafuu kidogo, uliza. Kikomo cha mzigo wa juu ya paa, mara nyingi kilo 75 hadi 100, kinahesabu na keria yenyewe.

SWALI: Wanataka amana ili kuwa kwenye foleni ya kwanza. Nitoe? – Asiyetaka kuachwa

JIBU: Toa tu kama inarudishwa yote kwa maandishi. Tofautisha pia kushika foleni na kufunga bei. Cybertruck ya Tesla ilitangazwa Novemba 2019 kwa bei ya kuanzia dola 39,900. Magari ya kwanza yalipokabidhiwa Novemba 2023, bei ya kuanzia ilikuwa dola 60,990. Amana haikuwa imefunga chochote. Kwa kampuni changa, uliza vilevile nani atatoa vipuri na masasisho ya programu ikifungwa. Fisker ilianza kukabidhi SUV yake ya Ocean mwaka 2023, na Juni 2024 ikaomba kinga ya kufilisika.

Waranti ya betri iliyozoeleka ni miaka 8 au kilomita 160,000, uwezo usishuke chini ya asilimia 70. Chini ya hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Na ukiamua kuwa wa kwanza, siku ya kukabidhiwa mwambie muuzaji akuonyeshe mahali pa kulishia betri ndogo ya volti 12. Hiyo ndiyo inayowasha swichi zinazoiunganisha betri kubwa na gari; ikifa, gari lenye chaji ya asilimia 90 halifungui hata mlango. Kwenye baadhi ya magari vichwa vya waya viko chini ya boneti inayofunguka kwa umeme, na njia ya kuvifikia ni kifuniko kidogo kwenye bampa. Kifungue mwenyewe akiwa hapo.