Jibu la msomaji: Randy Weston na santuri iliyofunguliwa kwa Kiswahili

Swali la wiki liliuliza: ni mwanamuziki gani wa Marekani aliyekitumia Kiswahili kwa dhati, wala si kama pambo? Jibu langu ni Randy Weston, mpiga piano na mtunzi wa jazi. Ushahidi wangu ni santuri moja, Uhuru Afrika, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, zaidi ya mwaka mmoja kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake.

Weston alizaliwa Brooklyn tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, mwenye asili ya Panama na Jamaika, alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, mwanaharakati aliyehimiza watu weusi duniani waungane na kujivunia Uafrika wao, akamkuza mwanawe ajitambue kuwa ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Jambo hili lishikeni, maana wengi hudhani santuri hii ni matunda ya safari za Afrika. Sivyo. Weston alikanyaga bara letu kwa mara ya kwanza mwaka 1961, Lagos, santuri ikiwa tayari imeshatengenezwa. Kiswahili alikipata New York kwenyewe: aliwauliza wanadiplomasia wa Kiafrika katika Umoja wa Mataifa ni lugha ipi ingefaa kulisemea bara zima, wakamtajia hicho. Langston Hughes, mshairi wa Marekani, akaandika shairi, na Mtanganyika aliyekuwa huko, Tuntemeke Sanga, akalitafsiri na kulisoma mwenyewe. Ndiyo sauti inayoufungua muziki.

Kazi ina sehemu nne, nazo zote kwa pamoja hazifiki dakika 40: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Aliyeipangia bendi kubwa sauti zake ni Melba Liston, mpiga tromboni, na bila yeye Weston asingekuwa huyu tunayemsifu. Mwanamke huyu alijua kuzichukua nota nzito za piano ya Weston na kuzigawa kwa matarumbeta, matromboni na saksafoni pasipo kuzilainisha.

Anayeisikiliza kwa spika ya simu atapoteza nusu ya kazi. Uzito wake uko chini: mabesi mawili, la George Duvivier na la Ron Carter, na mkono wa kushoto wa Weston unaogonga funguo za mwisho kabisa za piano. Tumia vipokea sauti vya masikioni au spika kubwa. Kisha tenganisha ngoma. Max Roach, Charlie Persip na Wilbert Hogan wanapiga dramu za Kimarekani. Candido na Armando Peraza wanaleta mikono ya Kuba. Babatunde Olatunji analeta ya Nigeria. Katika Bantu midundo hii inakutana, na hapo piano yenyewe inageuka kuwa ngoma.

Majina nayo yanastahili sikio la Mswahili. "Uhuru Kwanza" ni Kiswahili kilichonyooka, kinasikika kama kaulimbiu ya mkutano wa hadhara. "Uhuru Afrika" hakina kiunganishi, kwa hiyo kisomeni kama mwito: Uhuru! Afrika! Na "Kucheza Blues" si kupiga blues. Sisi ala tunaipiga. Tunachocheza ni muziki. Sehemu hiyo ni ya kusherehekea, kwa hiyo neno limekaa mahali pake. Makaburu walielewa vizuri ujumbe wake: Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hii mwaka 1964.

Baadaye Weston aliyaishi aliyoyapiga. Mwaka 1967 alizunguka Afrika Magharibi na Kaskazini na bendi yake, kisha akahamia Moroko, na huko Tangier akaendesha klabu yake ya African Rhythms hadi 1972. Alijifunza kwa Wagnawa, wanamuziki wa tambiko ambao ala yao kuu, gembri, ina nyuzi tatu na sauti ya besi. Aliendelea kupiga hadi uzeeni, akafariki Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na miaka 92.

Anayeanza leo asianze na santuri yake Blue Moses ya 1972, ingawa iliuzwa sana. Humo Weston anapiga piano ya umeme, ala asiyoipenda, na ule mkono wa kushoto hausikiki ulivyo. Atangulize tungo zake mbili, Hi-Fly na Little Niles, huu wa pili ukiwa wimbo wa mapigo matatu aliomtungia mwanawe, halafu ndipo afungue Uhuru Afrika na kumsikiliza Sanga.