Kabla hujajiita mvivu wa kusoma

Dada yangu, umeeleza kwamba utotoni ulikuwa ukisoma chochote, hata maandishi ya boksi la dawa ya meno, lakini sasa ukiwa na miaka 44 kurasa mbili tu zinakuchosha na unajiona umekuwa mvivu. Kabla hujajilaumu, kapime macho. Kuanzia miaka ya 40 hivi, lenzi ya jicho huwa imekakamaa kiasi cha kushindwa kubadili umbo vizuri ili kuona vitu vya karibu. Unajikuta unasogeza kitabu mbali, unatafuta taa kali zaidi, kichwa kinaanza kuuma, mwisho unakifunga. Wengi hudhani hamu imeisha, kumbe ni miwani tu inatakiwa.

Macho yakiwa sawa, usianze na kile kitabu kinene ulichonunua ili uonekane msomaji (sote tunacho kimoja). Tafuta ulichokipenda ukiwa mdogo. Hadithi unaijua, kwa hiyo hata ukikatizwa na mtoto au sufuria inayofurika jikoni, unarudi pale pale bila kupotea. Simu iache chumba kingine. Ukiilaza kifudifudi mezani bado utaichungulia.

Na kitabu kikikuchosha, achana nacho. Utotoni ulikuwa unakitupa kando na kuchukua kingine, wala hakuna aliyekuuliza umefika ukurasa wa ngapi. Hayo mambo ya kuhesabu vitabu kwa mwaka waachie wenye mashindano yao.