Mimi nimewahi kukalishwa kitako na madula wenzangu

Mwenzetu mwenye lalamiko juu ya dula wa Malindi ameuliza: madula, yaani sisi tunaokaa na mzazi wakati wa uchungu kumfariji, hatuna baraza la kutusajili kama walivyo wauguzi na wakunga, sasa tukiitana vikaoni wenyewe kwa wenyewe si tutapakana mafuta kwa mgongo wa chupa? Nitajibu kwa yaliyonipata, maana mimi nimewahi kuwa mshtakiwa.

Kazi yangu naifanyia Amu, yaani Lamu. Mwaka huo nilikuwa na mzazi wa mimba ya kwanza, kisiwani Pate, na tuliagana azalie hospitali, Amu. Uchungu ulimwanza adhuhuri, siku za bamvua. Saa tisa jamaa zake wakaniuliza kama watoke. Nikahesabu kwa simu, uchungu unapishana dakika kumi, nikawaambia, "Tulieni, bado." Neno hilo halikuwa langu. Dula hapimi njia ya uzazi wala haamui saa ya kwenda; hushika mkono, hukanda kiuno, na likizuka swali humpigia mkunga. Tena mtu wa visiwani mzima nikasahau maji! Saa mbili usiku chupa ikapasuka, yakatoka maji ya kijani, ishara kwamba mtoto huenda yumo hatarini. Mkanda, mlango wa bahari wa kupitia kwenda Amu, ulikuwa unakupwa hauna njia, na kusi limechafuka, nahodha akakataa kupita nje. Tulingoja mpaka saa saba. Mtoto alizaliwa alfajiri, akalazwa siku mbili. Alhamdulillah, sasa yuko madrasa.

Kikundini tulikuwa sita, na kila kikao hukaa watu wawili wasio madula: mkunga mstaafu na mama aliyewahi kuhudumiwa nasi. Bila hao wawili, msijisumbue. Sisi sote ni majirani, nusu yetu tumeoleana, na kusitiriana tumelelewa nako.

Yalianza kusomwa maneno ya mzazi. Mkunga alikuwa amemfuata kwao akayaandika, na mimi nikatakiwa ninyamaze mpaka yaishe. Ndipo likaitishwa daftari langu. Bi mkubwa wetu akapitisha kidole chake cha hina mstari kwa mstari, kikasimama kwenye nafasi tupu, baina ya saa kumi alasiri na saa mbili usiku.

"Hapa ulikuwa wapi, mwanangu?"

Nilikuwa nimekwenda kula kwa shangazi yangu, usingizi ukanichukua. Nikiri jambo: usiku wa kuamkia kikao nilishika kalamu nikitaka kuijaza nafasi ile. Sikuacha kwa uchamungu. Wino wa kalamu ile ulikuwa rangi nyingine.

Mimi nilijiandaa kutetea ile "tulieni". Wao lililowachoma ni zile saa nne. Mkunga akatukumbusha uchambuzi wa mwaka 2017, uliokusanya tafiti 26 za wanawake zaidi ya 15,000: aliyekuwa na mtu wa kukaa naye mfululizo alielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, na upasuaji ukapungua. Akasema, "Mfululizo. Wewe ulilipwa kwa neno hilo."

Hukumu: nirudishe nusu ya malipo, uzazi tatu zinazofuata nisiende peke yangu, na niende Pate nikamwambie mzazi kosa langu mwenyewe kwa mdomo. Hiyo ya tatu ndiyo nzito. Mama mkwe wake alinitilia chai, akanisikiliza mpaka mwisho, hakusema neno. Ningependa anitukane.

Tangu hapo kila dula wa kwetu huandika saa ya maji kujaa na kupwa ukurasa wa kwanza wa kila mzazi, na namba za manahodha wawili.

Sikudanganyi kwamba mambo hunyooka kila mara. Mwaka jana kulikuja lalamiko juu ya mpwa wa Bi mkubwa, na mkunga alikuwa safarini. Tukakaa wenyewe, tukanywa chai, tukala mahamri, tukaambiana "yameshapita". Mzazi yule mpaka leo hajajibiwa, na mimi nilikuwamo.

Kuhusu huyo mwenzako wa Malindi unayesema alimwacha mzazi wodini akaenda kwa mteja mwingine: usianze kwa kumwuliza kwa nini. Anza na mzazi, mtume mtu ambaye si mmoja wenu. Na daftari liombeni siku hiyo hiyo mnayomwita, msimpe usiku wa kulala nalo.