Mzizi umetibiwa, mbona jino bado linauma?

SWALI: Daktari, juzi nilitibiwa mzizi wa gego. Mashine ilizunguka mbele na kurudi nyuma. Jino langu la awali lilisafishwa kwa mashine ya kuzunguka upande mmoja, wala halikuuma hivi. Nimekosewa?

JIBU: Pole sana. Sidhani. Ninatumia mashine za aina zote mbili, na wagonjwa wa pande zote hunipigia simu usiku wa kwanza. Neva imetolewa, lakini nyama inayoshikilia jino kwenye taya ingali hai. Kila kifaa, kiende mbele tu au kirudi nyuma, husukuma uchafu kidogo kupita ncha ya mzizi, na hapo ndipo panapovimba na kuuma. Zaidi ya mashine, mimi huuliza: ulikuja ukiwa na maumivu makali? Aliyekuja akiugulia ndiye huumia zaidi baadaye.

Saa 24 hadi 48 za mwanzo ndizo mbaya; baadaye hupungua siku hadi siku. Ibuprofeni husaidia, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito. Tafunia upande mwingine. Shavu likivimba, ukipata homa au ukashindwa kumeza, nenda hospitali leo hii, usisubiri miadi.